Sanduku la Barua la Sista Wetu

Akina mama wenzetu wa usharika wametuuliza mara nyingi ilikuwaje sisi wauguzi wawili, tuliozoea sindano na vidonda, tukajikuta katika kamati ya kuhamisha barua pepe za hospitali nzima. Wengine wameuliza kwa utani. Wengine wameuliza kwa sababu walisikia minong'ono juu ya mama mmoja na majibu yake yaliyochelewa. Mama huyo mwenyewe ametupa ruhusa tuyaeleze, bila kutaja jina lake wala kijiji chake, nasi tumeona ni heri yaelezwe na sisi tuliohusika kuliko yaendelee kupita midomoni.

Hospitali yetu ni ya kanisa, huku Nyanda za Juu Kusini, nayo ina vituo 3 vya afya vilivyo chini yake. Kwa miaka mingi barua pepe zetu zilikaa katika mtambo wa kukodi uliompa kila mtu nafasi finyu. Sanduku likijaa, barua mpya humrudia aliyeiandika. Novemba 2023 marafiki zetu wa Ujerumani walimpigia simu daktari mfawidhi wakimwuliza kama tumewakasirikia, maana walituandikia mara tatu juu ya vitanda vya wodi ya wazazi, na mara tatu barua zao zikarudi. Hatukuwa tumekasirika. Tulikuwa tumejaa.

Kwa ajili ya usumbufu huo kila idara ilikuwa imejitafutia njia yake. Maabara walitumia anwani ya binafsi ya mfanyakazi mmoja. Stoo ya dawa walikuwa na yao. Majina ya wagonjwa na magonjwa yao yalipita katika simu za watu, simu zile zile ambazo jioni watoto huchezea michezo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na habari za afya ya mtu zimo miongoni mwa zile zinazotakiwa kulindwa kwa uangalifu zaidi. Lakini tuseme kweli mbele za Mungu: hata kabla ya sheria, muuguzi aliapa kutunza siri.

Januari 2024 iliundwa kamati ya watu 5: kijana wetu wa kompyuta, mhasibu, katibu muhtasi, na sisi wawili. Tulipomwuliza daktari mfawidhi kwa nini ametuweka sisi, wakati hata kubadili neno la siri tulikuwa tunaomba msaada, alijibu kwamba kompyuta ana mtu wa kuishughulikia, ila anataka watu wanaojua makabidhiano ya zamu. Tukamwelewa mara moja. Kila muuguzi anajua kwamba mgonjwa haharibikiwi sana katikati ya zamu kama anavyoharibikiwa kati ya zamu na zamu, pale anayeondoka anapodhani amesema, na anayeingia anapodhani ameambiwa.

Kijana wa kompyuta alitaka kuanza siku hiyo hiyo kwa kulinganisha huduma na bei. Tulimwomba angoje. Nehemia alipofika Yerusalemu aliuzunguka ukuta usiku, akautazama palipobomoka, kabla hajamwambia mtu yeyote atajenga nini. Basi nasi tulichukua daftari tukazunguka. Tulipita idara kwa idara tukiuliza mambo manne: mnatumia anwani gani, nani anaifungua, barua za nani huingia humo, na zikikosekana siku mbili nani ataumia. Swali la mwisho ndilo lililotupa majibu.

Kazi hiyo ilichukua majuma matano, na kijana alikuwa akitutania kwamba tunafanya sensa. Akina mama mnaojua kuhama nyumba mtatuelewa. Siku zote unadhani una vitu vichache, hadi siku ya kuvuta kitanda na kuona kilichokuwa uvunguni. Uongozi ulidhani tuna anwani kama 30. Tulizikuta 63.

Katika kompyuta ya stoo tulikuta jambo la kutia hofu. Ilikuwa imewekwa kwa utaratibu wa zamani uitwao POP, ambao huchota barua kutoka mtamboni, huziweka katika kompyuta ile moja, kisha huzifuta huko zilikotoka. Utaratibu mwingine, IMAP, huziacha barua mtamboni na kukuonyesha tu, hata ukizifungua kwa kompyuta tatu. Kwa hiyo barua za kuagiza dawa za miaka 9 zilikuwa mahali pamoja tu duniani kote, yaani chini ya meza ya mama wa stoo, karibu na ndoo ya kudekia. Siku hiyo hiyo kijana alizinakili kwenye diski mbili, moja ikafungiwa kwenye kabati la chuma la mhasibu.

Jambo la pili lilikuwa jina letu la mtandaoni, lile linaloandikwa baada ya alama ya @. Lilikuwa limesajiliwa zamani na kijana aliyekuwa akijitolea hapa, kwa anwani yake mwenyewe, naye alikwisha kuhamia Mwanza. Asiyeshika ufunguo wa jina hawezi kuhamisha chochote. Ni kama kujenga nyumba katika kiwanja chenye hati ya mtu mwingine. Hatukumpata kwa barua wala kwa namba yake ya zamani. Tulimpata kupitia mama mkwe wake, ambaye huimba kwaya pamoja nasi, na baada ya siku mbili alikuwa amekwisha kutukabidhi kila kitu kwa moyo mweupe. Laiti angekuwa ametukosana, hatujui tungefanyaje.

Hapo ndipo ulipokuja ubishi.

Kati ya anwani 63, anwani 21 zilikuwa za watu ambao hawapo tena kazini. Wengine walistaafu, wengine walihama, na mmoja alikuwa ametangulia mbele za haki. Huyu alikuwa sista wetu wa kliniki ya akina mama, mtu aliyetufundisha wengi wetu kazi, aliyefariki Agosti 2023 baada ya kuugua siku chache tu. Kijana wa kompyuta alipendekeza masanduku yote 21 yaachwe katika mtambo wa zamani, na mkataba ukiisha yafutike nao. Mhasibu aliunga mkono kwa nguvu. Katika huduma mpya kila sanduku hulipiwa ada kila mwezi, naye hakuona sababu ya sadaka za Wakristo kumlipia marehemu.

Kwa hesabu alikuwa sawa. Lakini sisi tulikuwa na swali letu la tatu kwenye daftari, lile la barua za nani huingia humo, na mbele ya majina 21 hatukuwa tumeandika kitu. Tukasema hatuhami kabla hayajafunguliwa. Mhasibu akauliza, "Sasa mama zangu, mnataka kusoma barua za marehemu?" Swali lake lilituchoma, maana ni kweli hakuna jambo jema katika kupekua. Tulikubaliana hivi: lile lilikuwa sanduku la kazi wala si la nyumbani, hata hivyo halitafunguliwa bila daktari mfawidhi kuandika ruhusa, litafunguliwa na watu wawili kwa pamoja, na chochote cha binafsi kitakachoonekana hakitasomwa bali watapewa watoto wake.

Jumanne tarehe 30 Aprili 2024, baada ya zamu ya mchana, tuliketi wawili mbele ya kompyuta ya ofisi ya matroni. Tuliomba kwanza. Barua ambazo hazijasomwa zilikuwa 212. Nyingi zilikuwa matangazo ya vifaa na mialiko ya semina zilizokwisha kupita. Kulikuwa na ratiba ya zamu ya mwezi Septemba aliyokuwa ameianza na hakuituma. Alikuwa amejipangia mwenyewe zamu za usiku za juma la kwanza, kama kawaida yake, ili wenye watoto wadogo wapumzike. Tulinyamaza kidogo pale.

Kisha tukaikuta. Ilikuwa ya Jumatatu tarehe 4 Septemba 2023, kutoka maabara ya hospitali ya rufaa, na kichwa chake kilikuwa majibu ya kinyama.

Julai mwaka ule tulikuwa na juma la uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, ugonjwa ambao ndio saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu. Akina mama 6 ambao tulipowapaka siki tuliona doa la kutia shaka walitolewa kinyama kidogo kikapelekwa kupimwa. Sista ndiye aliyesaini fomu zote, na ndiye aliyeandika anwani yake majibu yarudi kwake. Majibu ya watano yalikuja mapema Agosti, naye akawapigia simu mwenyewe. La sita lilichelewa. Lilipofika, aliyeandikiwa alikuwa kaburini kwa majuma mawili, na mtambo ukalipokea kwa adabu zote kana kwamba yupo.

Majibu yalisema mama yule ana mabadiliko makubwa ya chembechembe, hatua ya mwisho kabla ya saratani yenyewe. Yakitibiwa mapema hupona kabisa. Yakiachwa, yanaweza kuendelea, na hakuna ajuaye yataendelea kwa kasi gani. Nasi tulikuwa tumeyaacha kwa karibu miezi 8.

Tulikwenda kabatini tukatoa daftari la juma lile. Mistari 6 ilikuwa imepigwa kwa rula, kwa mkono wa sista, na katika safu ya majibu mistari 5 ilikuwa imejazwa. Wa sita ulikuwa mtupu. Mstari ule ulikuwa umekaa kabatini tangu Agosti, hatua chache kutoka tunapotundika makoti yetu, na sisi tulioachiwa kliniki hatukuwa tumefungua ukurasa ule hata mara moja. Kwa hiyo msituambie, kama wengine walivyotuambia kwa nia njema, kwamba lilikuwa kosa la kompyuta.

Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Siku ya uchunguzi tulikuwa na usemi wetu wa kuwatuliza akina mama, ambao tuliurithi na kuutumia bila kuufikiri: "Mama, nenda ukapumzike, ukiona kimya ujue ni salama."

Namba ya simu iliyoandikwa kwenye fomu haikupatikana. Kijiji kilikuwa mbali, kama kilometa 40 za barabara ya vumbi. Hatukuweza kutangaza kanisani, kwa sababu siri ya mgonjwa ni siri hata ikiwa unamtafuta ili umwokoe. Tulimpigia mwinjilisti wa mtaa ule tukamwambia jambo moja tu, kwamba wauguzi wanamhitaji mama huyu na asiogope. Naye hakuuliza zaidi, Mungu ambariki. Aliambiwa mama amekwenda kukaa na binti yake kata nyingine, wakati wa kuvuna viazi. Akaahidi atafuatilia.

Huku nyuma kuhama hakukusimama, na pengine ilikuwa vema, maana mikono yenye kazi hutetemeka kidogo. Kila usiku, kuanzia saa 4 hadi alfajiri wakati mtandao hauna watu wengi, barua za zamani zilinakiliwa polepole kwenda kwenye mtambo mpya huku za sasa zikiendelea kupokelewa kwenye ule wa zamani. Watu 5 walitangulizwa kuhama kwa majaribio, na mmoja wao tulimchagua makusudi kwa sababu haipendi kompyuta. Yeye ndiye aliyegundua makosa mengi kuliko wote.

Kijana alitueleza mhuri wa barua kwa namna tuliyoielewa. Zipo rekodi tatu ambazo mwenye jina huziweka hadharani. SPF hutaja mitambo iliyoruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM ni saini inayobandikwa kwenye kila barua. DMARC humwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyo na uhalali huo, aikatae au aitupe kwenye barua taka. Sisi hatukuwa na hata moja, na Februari 2024 Google na Yahoo walikuwa wamekaza kamba juu ya wanaotuma bila uthibitisho. Hapo tukafahamu kwa nini barua zetu nyingi zilikuwa zikitupwa kapuni huko ziendako. Tulikuwa tukipeleka barua zisizo na mhuri, kisha tunalaumu watu hawajibu.

Siku ya kuhama yenyewe ilipangwa Ijumaa tarehe 10 Mei, usiku. Jambo la msingi usiku huo ni kubadili rekodi moja iitwayo MX. Ni kama kuwaambia Posta kwamba kuanzia leo barua zenye jina letu zisiwekwe tena S.L.P. ile, ziwekwe hii. Ila mitambo ya duniani huikumbuka rekodi ya zamani kwa muda iliyoagizwa, na yetu iliagiza sekunde 86,400, yaani siku nzima. Jumatano kijana aliipunguza ikawa sekunde 300, ili Ijumaa dunia itusahau upesi na kutujua upya ndani ya dakika 5. Tuliandika kwenye karatasi hatua zote, saa ya kila hatua na mhusika wake, na pia hatua ya kurudi nyuma kama mambo yangeharibika. Karatasi ilibandikwa ukutani. Saa 3 usiku rekodi ilibadilishwa. Saa 3 na dakika 20 katibu muhtasi alijitumia barua kutoka simu yake, ikaingia katika sanduku jipya, naye akapiga vigelegele hata mlinzi akaja kuchungulia.

Jumamosi tuliketi na watumishi mmoja mmoja. Kila mtu alipewa neno lake la siri, na namba ya pili ya uthibitisho ilikuja kwa ujumbe wa simu, ambao hata kitochi hupokea. Mzee mmoja wa chumba cha eksirei alipoona barua zake zote za tangu 2016 zimefika alisema, "Kumbe mmezibeba kweli." Wengine walilalamika kwamba orodha zao za anwani zimepotea, na walikuwa na haki, maana tulisahau kuzinakili. Hilo lilirekebishwa jioni.

Jumapili tarehe 12 Mei ilikuwa Siku ya Akina Mama. Tulikuwa ibadani, tumevaa sare za idara, mioyo yetu ikiwa imetulia kwa mara ya kwanza katika majuma mengi. Kabla ya mchana simu za watu zilianza kuwa kimya. Mwanzoni tulidhani ni vifurushi. Kufika jioni nchi nzima ilikuwa inajua: nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Seacom ilikuwa tayari imejeruhiwa tangu Februari kule Bahari ya Shamu, kwa hiyo njia ya kuzungukia nayo ilikuwa nyembamba.

Siku mbili baada ya kuhamia nyumba mpya, barabara ya kwenda nyumbani ilikuwa imekatika. Mhasibu alipiga simu akiuliza kama turudi kwenye mtambo wa zamani. Kijana alimjibu kwamba huko nako hatufiki, kisha akatueleza jambo lililotutuliza sana. Kwa kanuni za barua pepe, mtambo unaotuma ukikuta mpokeaji hapatikani hautupi barua. Huishikilia na kujaribu tena na tena, kwa kawaida kwa siku 4 au 5, ndipo hukata tamaa na kuirudisha. Basi zile zilizokuwa zinatoka hapa zingengoja foleni, na zile zilizotoka nje zilikuwa zinapokelewa huko huko, zikitungoja tuje kuzisoma. Hakuna kilichopotea, alisema. Tulifikiri moyoni kwamba kuna namna nyingi za barua kungoja.

Usiku huo huo simu ya kawaida, ambayo haikukatika, iliita. Ni mwinjilisti. Alikuwa amemwona mama katika ibada, mtaa wa pili, ameketi na binti yake. Angekuja kesho kwa basi la kwanza.

Jumatatu asubuhi hospitali ilikuwa kama imepigwa na butwaa. Mtandao ulikuwa ukiingia na kutoka. Mashine ya fotokopi, ile inayopiga picha karatasi na kuituma kwa barua pepe, iligoma kwa sababu tuliisahau kabisa. Ilikuwa bado inatumia neno la siri la zamani, na katika daftari letu la majuma matano haikuwamo, kwa kuwa si mtu na hatukuiuliza. Katikati ya kelele hizo mama aliingia kliniki, amejifunga kitenge cha idara alichovaa jana yake, akaketi.

Kwenye kompyuta tusingeweza kumwonyesha kitu. Lakini tarehe 30 Aprili tulikuwa tumechapa majibu yake kwenye karatasi, na karatasi tulikuwa nayo. Tulimweleza yote. Tulimwambia yalifika lini, yalikaa wapi, na kwamba hakuna aliyekuwa akifungua. Alisikiliza bila kutukatiza. Kisha akasema polepole, "Mliniambia nikiona kimya nijue ni salama. Basi nimemshukuru Mungu tangu mwaka jana, kila asubuhi."

Hatukuwa na la kujibu ila kuomba msamaha, na tuliuomba. Hakusema ametusamehe siku ile, wala hatukumtaka aseme.

Hospitali ya rufaa tuliwapigia simu, kwa kuwa barua zilikuwa hazitembei. Mama alisafiri na karatasi ile ndani ya bahasha aliyoifunga kwenye pindo la khanga. Uongozi ulilipa matibabu, na nauli ya kwanza ilitoka mfukoni mwa mhasibu, ambaye hakuandika risiti. Mwanzoni mwa Juni 2024 alikatwa sehemu iliyoathirika kwa waya wa umeme, kazi ya muda mfupi kwa ganzi. Nyama iliyotolewa ilipopimwa haikuonekana kuwa na saratani. Mungu ametuhurumia, yeye na sisi.

Tangu hapo majibu hayaji kwa jina la mtu. Iliundwa anwani moja ya matokeo, ya pamoja, ambayo katika huduma ile haikuongeza ada, jambo lililomfurahisha mhasibu. Hufunguliwa na wawili kila siku saa 2 asubuhi, na majina yao huandikwa kwenye ratiba ya zamu kama anavyoandikwa wa chumba cha kujifungulia. Kila Ijumaa daftari la vipimo husomwa kwa sauti, mistari mitupu tu. Ule usemi wa kimya tumeupiga marufuku. Kila mama anapigiwa simu, awe salama au la, na anaambiwa tarehe ambayo ikipita bila simu aje. Masanduku yale mengine 20 nayo yalifunguliwa kwa utaratibu ule ule, na hayakuwa na jambo la kutisha, isipokuwa ankara moja ya zamani ambayo mhasibu angependa tusiione.

Sanduku la sista hatukulifuta. Kwa mwaka mzima kila barua iliyomwandikiwa ilielekezwa kwenye ile anwani ya pamoja, na mwandishi akajibiwa kwamba sista amepumzika na aandike wapi sasa. Ratiba yake ya Septemba tuliwachapia watoto wake. Lilifungwa Mei 2025.

Julai 2025 mama alirudi kwa uchunguzi wa mwaka, na mlango wa kizazi ulikuwa safi. Aliomba daftari aone jina lake, tukamwonyesha, akatuandikisha namba mbili za simu, yake na ya binti yake, akangoja hadi tuzipige zote mbili mbele yake zikaita. Alipokuwa anaondoka alituambia, "Na mkikaa kimya, nitakuja mwenyewe." Alikuwa ametuletea debe la viazi. Tulimgawia kila mwanakamati, na mhasibu alichukua fungu lake kabla hatujamwita.